Aliyejitoa

9 Machi 1986

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na za siku nyingi. Huku bwenini tu wazima, isipokuwa maji ya bomba, yanayokuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Baba hajambo. Nilikwenda nyumbani juzi nikamkuta ametoka safari, amelala na buti miguuni na kofia ya reli usoni. Anakusalimu.

Bibi ndiye si mzima. Aliteleza kwenye ngazi za uani akavunjika nyonga. Hospitali wamemrudisha nyumbani wakamwamuru alale. Unamjua mama yako: kumwamuru alale ni sawa na kuiambia cherehani ishone bila kelele. Baba akiwa safarini anaangaliwa na jirani, mke wa kinyozi, ila mwezi wa sita jirani huyo anahama.

Sasa nikupe lililonishikisha kalamu. Nimeomba nafasi ya utafiti wa likizo ndefu hapo kwenye Taasisi yenu. Mhadhiri wetu wa aljebra alibandika tangazo mlangoni pake: wanafunzi sita wa hisabati, wa mwaka wa pili tu, wiki nane, kila mmoja na swali ambalo halijapata jibu popote. Nililisoma nimesimama mpaka wenzangu wakanicheka. Shangazi, tangu darasa la kwanza nafanya maswali ambayo majibu yako nyuma ya kitabu. Nataka mara moja nifanye swali ambalo hata aliyeniuliza hajui jibu lake. Na wanaosoma shahada ya pili, kila ukiwauliza, walianzia hapo.

Najua wewe ni katibu wa kamati. Sikukuambia kabla ya kutuma kwa sababu sikutaka kubebwa, na hata sasa siombi. Nakujulisha tu usije ukashtuka kuliona jina la ukoo wetu kwenye maombi.

Mtoto wa kaka yako

2 Aprili 1986

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, mwenye kazi nyingi na miwani mipya isiyonikaa. Habari ya mama imeniuma sana. Nyonga kwa mtu wa umri wake si jambo la mzaha. Mgeuzeni mara kwa mara, mgongo usipate vidonda, na msimpe chai akiwa amelala chali. Nimetuma dawa ya kupaka kwa mkono wa kondakta anayemfahamu baba yako.

Maombi yako nimeyaona. Mwandiko wako umetulia kuliko wa baba yako. Kamati haijakaa, na hata ikikaa, ya kamati hubaki kamatini. Nisingependa tuandikiane tena juu yake.

Ninalokuuliza ni lingine. Mke wa kinyozi akihama, nani atabaki na mama? Baba yako ni mtu wa njiani. Mtu wa kulipwa atamfanyia kazi lakini hatamvumilia, unajua ulimi wa mama. Tafakari hilo, wewe ni mkubwa sasa.

Shangazi yako

11 Aprili 1986

Shangazi,

Shikamoo. Dawa imefika. Bibi ameinusa akasema inanuka kama ofisi. Baba yuko safarini, mimi na mitihani tunatazamana kama paka na panya, na paka si mimi.

Umeuliza nani atabaki na Bibi. Nilimuuliza Baba kabla hajaondoka. Alivua kofia, akaigeuzageuza, akasema, "Mwandikie shangazi yako. Mwambie mama ni wake pia." Samahani, ndivyo alivyosema, nami sikuona namna ya kuyapunguza.

Anaona uje ukae naye hizo wiki nane, au umchukue kwako, una chumba cha wageni na nyumba isiyo na ngazi. Nikikosa nafasi ya Taasisi, nitakaa naye mwenyewe bila kinyongo. Nikiipata, sina la kufanya. Mwakani nitakuwa mwaka wa tatu, na mlango huo haufunguliwi mara mbili.

Sikuulizi ya kamati. Nakuuliza ya Bibi.

Mtoto wa kaka yako

20 Mei 1986

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na ripoti ya mwaka na mafua. Nilisikia mitihani imekwisha, nawe huna haja ya kunieleza ulivyofanya.

Kamati imekaa. Mwaka huu haikuwa bahati yako. Maombi yalikuwa mengi na ushindani ulikuwa mkali, usilichukulie kuwa ni doa. Mvumilivu hula mbivu, na wewe u kijana.

Kwa kuwa sasa utakuwa nyumbani, mama yuko kwenye mikono salama, na hilo limenitua mzigo. Mimi nitajitahidi kuja katikati ya likizo, kati ya wiki ya nne na ya tano, wanafunzi wakishazoea.

Nisikuache mikono mitupu. Hili ni mojawapo ya maswali watakayofanya. Una ubao wa visanduku, saba kwa nane. Unaondoa visanduku viwili popote upendapo. Je, vilivyobaki unaweza kuvifunika vyote kwa vigae vya visanduku vitatu vitatu, vyenye umbo la L, bila kupandisha kigae juu ya kingine? Na kama si kila mara, ni lini huwezi? Kisha fanya kwa ubao wa ukubwa wowote. Litakuchangamsha mama akisinzia.

Shangazi yako

27 Juni 1986

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka chumba cha Bibi, karatasi iko juu ya meza ya cherehani yake. Baba alirudi jana, ameondoka leo. Mke wa kinyozi amehama, akatuachia sufuria moja na kuku asiyetaga.

Asubuhi namwosha Bibi, namgeuza, nambadilishia shuka. Mara ya kwanza alilia kwa haya akageukia ukuta. Siku hizi ananielekeza, "Taratibu, mimi si gunia." Beseni la haja lina kishikio kilicholegea, nimejifunza kulibeba kwa mikono miwili. Kidonda kimoja kimetokea kiunoni na hakitaki kukauka. Daktari wa zahanati alikitazama akatikisa kichwa, akasema tuendelee.

Anakuulizia kila siku. Lango la nje likilia, anainua shingo. "Kitinda huyo?" Namwambia ni upepo, au mtu wa maji. Nilimwambia utakuja katikati ya likizo, na sasa najuta, maana amekuwa akiuliza katikati ni lini. Njoo, Shangazi. Hata siku mbili.

Swali lako nimekaa nalo. Ukiondoa visanduku viwili vinavyopakana na pembe, kile cha pembeni kinabaki yatima, hakuna kigae kitakachokifikia. Hilo hata Bibi aliliona nilipomchorea. Kazi ni kuonyesha ni vizuizi gani vingine vipo. Nadhani kwa mbao kubwa ni vile tu vya pembeni na ukingoni. Nimeukata ubao vipande vipande, kila kipande nikakihesabu peke yake, na kurasa nne nimekuambatishia. Kuna mahali kwenye ukurasa wa tatu siamini, nimepaweka alama. Niambie kama nimepotea.

Nimesikia aliyepata nafasi kutoka chuo chetu ni Msumari, yule mrefu aliyenyooka niliyekusimulia, anayeazima madaftari yangu kila Ijumaa. Nampongeza. Ila niambie kweli, alinishinda kwa nini? Si kwa wivu. Nataka nijue nilipopungukiwa nipajaze.

Mtoto wa kaka yako

30 Julai 1986

Mwanangu,

Salamu. Naandika kwa haraka kati ya vipindi viwili, utanisamehe mwandiko. Wanafunzi wametumaliza. Mmoja aliugua malaria, mwingine amegundua leo kwamba alichothibitisha wiki tatu zote si kweli, amejifungia chumbani hali chakula. Nimekuwa mama wa sita.

Kuja katikati kumeshindikana. Wageni wa wizara walikuja wiki ileile, na Mkurugenzi hakuwa na mtu mwingine wa kuwapokea. Wakifunga tarehe nane Agosti, nitakuja moja kwa moja na nitakaa. Mwambie mama hivyo. Mwambie Kitinda wake anakuja kwa hakika.

Kurasa zako nimezipokea. Sijapata nafasi ya kuzisoma kwa utulivu. Kuhusu Msumari, ya kamati hubaki kamatini.

Shangazi yako

8 Agosti 1986

TELEGRAMU. BIBI AMEFARIKI LEO MCHANA. MAZIKO JUMAPILI. NJOO.

1 Septemba 1986

Mwanangu mpendwa,

Salamu za huzuni. Nimerudi salama, ingawa nyumba hii sasa naiona kubwa. Mwambie baba yako nashukuru kwa kunisindikiza hadi stesheni, najua haikuwa rahisi kwake.

Kufika Jumanne na kukuta udongo umekwisha kukauka, hilo sitalisahau. Telegramu ilinifikia kwa kuchelewa, posta zetu unazijua. Wale wanawake waliniambia umemhudumia mama kama yai. Nilisimama pale wakinipa pole kwa sauti kubwa, "Msomi wetu, pole, msomi wetu," na wewe unaosha vyombo uani. Nilitaka kuja nikushike mkono. Watu walikuwa wengi.

Jambo moja nilikuuliza siku ile, ukainuka kwenda kuchota maji. Nakuuliza tena kwa barua. Siku za mwisho mama alisema nini? Aliniulizia? Aliacha neno lolote kwangu? Mimi ni mtoto wake wa kike peke yangu. Nina haki ya kujua.

Shangazi yako

19 Oktoba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Chuo kimefunguliwa, bwenini wamenihamishia chumba cha juu ambako maji hayapandi kabisa, afadhali sasa hatusubiri. Baba hajambo. Ameuza kitanda cha Bibi, cherehani amekataa kuuza.

Mkurugenzi wenu alikuja kwetu juma lililopita kutoa mhadhara. Huenda hakukuambia. Ukumbi wa pili ulijaa hadi madirishani. Nilikaa nyuma. Mwishoni niliuliza kuhusu ubao wenye visanduku viwili vilivyoondolewa, kwa kuwa aliutaja na kusema wanafunzi wa likizo walikwama kwenye mbao nyembamba. Akajibu, halafu akaniuliza jina. Nikalitaja. Watu walipotoka akanisubiri mlangoni.

"Ndiye wewe uliyejitoa?" akasema.

"Nilijitoa wapi, Profesa?"

"Kwenye mpango wetu. Tulikuweka wa kwanza. Shangazi yako akatuambia umempa ujumbe, una mgonjwa nyumbani, umejitoa. Nilisema tukuandikie, tukupe muda ufikirie. Akasema umekwisha amua."

Msumari alikuwa pembeni yangu amebeba vitabu. Akaanza kutazama viatu vyake.

Ningeweza kusema, Shangazi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yule mzee alikuwa amenikazia macho kwa wema. Nikasema, "Ndiyo, nilikuwa na mgonjwa." Akanipa pole ya Bibi. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba telegramu ilipofika Ijumaa ile alikupa gari la Taasisi likupeleke stesheni, nawe ukasema utafunga mpango kwanza, hotuba ilikuwa yako.

Basi hata posta haikuchelewa.

Nilikaa na Bibi wiki zote zile nikijiona mpumbavu. Nilipekua madaftari yangu ya mwaka mzima kutafuta kosa. Niliandika upya maombi yangu kichwani huku nimeshika beseni, nikisema labda sentensi ile ilikuwa ya kujisifu, labda ile nyingine ilikuwa ya unyonge. Na wewe uliniacha nitafute. Ukanitumia na swali la kuchezea.

Ungeniambia, "Mwanangu, mama anakuhitaji, acha nafasi hii," nadhani ningeiacha. Ningelia, kisha ningeiacha. Nakuuliza moja tu: nani alikuambia nimejitoa?

Mtoto wa kaka yako

14 Desemba 1986

Mwanangu,

Salamu. Barua yako nimekaa nayo karibu miezi miwili. Natumaini baba yako na wewe ni wazima. Mimi presha imepanda, daktari amenikataza chumvi.

Mambo mengine hayafai karatasi, lakini umenibana ukutani, na kimya ungekitafsiri upendavyo.

Nimekuwa hapa miaka kumi na miwili. Niliingia mwanamke peke yangu, na bado niko peke yangu. Mwenzangu mmoja mkewe akijifungua, anaondoka mwezi mzima na kurudi na pipi, watu wanampigia makofi. Mimi mwaka wa kwanza niliomba siku tatu za kumuuguza baba yangu, na hadi leo kuna mtu hunitania, "Leo hakuna mgonjwa kwenu?" Mpango ule wa likizo ni wangu. Nilipiga magoti ofisi ngapi kuupata, hutajua. Ningeondoka wiki nane, wangeupa mtu mwingine, na mwakani wangesema haukuwa wangu. Au ungekufa. Na wasichana wanaokuja nyuma yako wangepita wapi?

Ilibidi mmoja wetu abaki na mama. Wewe una miaka ishirini na miwili na kichwa kizuri kuliko changu. Nilijua utapanda ngazi nyingine. Mimi sikuwa na nyingine. Nilipima, nikaamua. Ukiwa na umri wangu utapima pia, ndipo unihukumu.

Na ulipata kitu ambacho mimi sikupata. Ulikuwa naye.

Nitakuandikia barua ya kukupendekeza kwa shahada ya pili, na itakuwa na uzito, wananiheshimu. Nitaituma kwako kwa bahasha iliyofungwa. Njoo kwangu ukimaliza, chumba cha wageni ni chako.

Hukunijibu kuhusu mama. Nimeuliza mara mbili. Usinifanyie hivi.

Shangazi yako

6 Julai 1987

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa, najua. Baba amestaafu, siku hizi anakaa barazani akisikiliza treni za wenzake na kuwatoa makosa. Mimi nimemaliza chuo, na nimefaulu vizuri, kwa kuwa utauliza.

Nilifanya usaili wa shahada ya pili mwezi wa nne. Watu watano upande ule wa meza. Waliniuliza, "Utafiti gani umewahi kufanya?" Nikasema nimefanya swali moja la vigae nyumbani. "Chini ya nani?" Nikasema chini ya hakuna mtu. Mmoja akatabasamu, akaandika kitu kifupi. Nafasi ilikuwa moja, wamempa Msumari. Alikuja kuniambia mwenyewe, kasimama mlangoni kama kawaida yake, akasema, "Kiti kile kilikuwa chako." Nikamwambia basi akikalie vizuri. Sina ugomvi naye.

Barua yako ya kunipendekeza sikuipeleka. Nairudisha humu, haijafunguliwa. Huenda ingesaidia. Ila nilipoishika niliona nitaingia pale kwa neno lako, kama nilivyotoka kwa neno lako, nami nimechoka kuzungumziwa.

Tangu juma lililopita nafundisha hisabati sekondari, kidato cha pili. Darasa lina madawati mabovu na ubao ulioparara, chaki haishiki hadi uulowanishe. Wanafunzi si wabaya. Wakifika mwisho wa swali wanafunua nyuma ya kitabu. Nakala yangu ya zile kurasa za vigae niliifungua mara moja tangu nije. Ule ukurasa wa tatu niliokuwa siuamini, kweli ulikuwa na kosa. Nimeliona, sijalirekebisha. Jioni nakuwa nimechoka, na nikishika kalamu naona beseni.

Hoja yako nimeisoma mara nyingi. Nimejaribu kuona uongo ndani yake sikuona. Kila ulichosema juu ya watu wale nakiamini. Lakini hukusema hata mara moja kwamba umekosa, na mimi siyo ofisi yao.

Sasa la Bibi. Umeuliza mara tatu, ukihesabu ile ya uani.

Siku ile homa ilikuwa imeshuka mapafuni. Baba alikuwa safarini. Ilikuwa mchana, nimefungua madirisha yote, nimemwinua kwa mito ili apumue. Alikuwa hanijui tena tangu asubuhi. Lango likalia, akafumbua macho akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Kitinda. Umekuja."

Nilitaka kusema ni mimi. Nikamwangalia alivyokuwa anangoja jibu.

Nikasema, "Abee, mama. Nimekuja."

Akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima. Akanishika mkono, akaanza kuzungumza. Alizungumza na binti yake, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye nafasi, mambo ya zamani ambayo mimi siyajui na mengine niliyoyaelewa vizuri sana. Nilikuwa nikisema ndiyo mama, ahsante mama. Alipomaliza akaniomba maji, na baada ya maji hakusema tena.

Kwa hiyo, ndiyo, Shangazi, alikuulizia. Aliacha maneno, tena mengi, na yote yalikuwa yako.

Ninayo. Sitakuandikia.

Mtoto wa kaka yako